Shangazi na Mshabiki wa Kweli

Karakana ilikuwa timu ya mpira wa magongo yenye kipaji cha pekee: iliweza kufungwa na timu yoyote, mahali popote, hata na ile iliyokuja pungufu kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa harusini. Msimu ule ilikuwa imeshapoteza mechi saba mfululizo. Mashabiki waliobaki walienea kwenye ngazi mbili za jukwaa la saruji, na bado mtu aliweza kunyoosha miguu.

Katikati yao alikaa Shangazi, fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na kitu. Mtaa mzima ulimwita hivyo, ingawa kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu: kipa wa Karakana, mtoto wa marehemu kaka yake. Alimlea tangu akiwa na miaka sita, akamshonea kaptura zote za shule, na sasa alimshonea kinga ya kifua kila ilipochanika. Kwa miaka kumi na moja hakukosa mechi wala hakutoa neno baya. Timu ikifungwa sita, yeye husema, "Lakini kona fupi tumezipiga vizuri."

Kulia kwake alikaa kinyozi, jirani yake wa duka. Huyu ndiye aliyekuwa na mdomo.

"Kipa gani huyu? Anapitisha watu kama geti la hospitali saa ya kuona wagonjwa!"

Shangazi alimpiga kofi la bega, wakacheka wote wawili, mchezo ukaendelea kuharibika. Alikuwa amewashonea mito miwili ya kukalia kwa mabaki ya jezi, maana saruji haina adabu kwa makalio ya mtu mzima.

Ndipo kwenye grupu la mashabiki akazuka mtu kwa namba ngeni, akajiita Mshabiki wa Kweli. Kila mechi ikiisha, anashusha. Beki wa kushoto anakimbia kama anayetafuta choo. Nahodha hajawahi kushinda hata ile sarafu inayorushwa kabla ya mechi. Kocha apelekwe akalinde makaburi, kule hakuna atakayelalamika. Watu walimchukia, kisha wakawa hawalali bila kumsoma. Kwenye mechi ya tano akaandika: "Na kipa wetu ni geti la hospitali saa ya kuona wagonjwa."

Shangazi aliinuka na mkasi mkononi, akaingia kwa kinyozi, ambako mteja mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi nini tena, mama?"

"Geti la hospitali! Hayo si maneno yako?"

"Yangu. Nimeyasema jukwaani, kwa mdomo wangu, kocha akinitazama usoni. Sasa nijifiche ili iweje?"

"Mnafiki mkubwa! Unakaa kwenye mto wangu, unamtukana mwanangu kwa kujificha!"

"Mama, hebu subiri nimalize hiki kichwa..."

Hakusubiri. Mechi iliyofuata, mbele ya jukwaa zima, alichukua mto wa kinyozi akauchana katikati kwa mkasi uleule. Vipande vya sponji viliruka hadi uwanjani. Kuanzia siku hiyo kinyozi alikaa mwisho wa ngazi, juu ya gazeti. Hawakusalimiana tena, na kuta za maduka yao zimegusana.

Mechi ya saba walifungwa tano. Jioni simu ikalia. Shangazi alisoma akiwa na pini mdomoni: "Nasikia hata kinga ya kifua ya kipa imeshonwa kwa ndani kwa uzi wa kijani, kama godoro la bweni. Timu gani hii?"

Pini zilimdondoka. Uzi mweusi ulikuwa umemwishia Jumatatu mchana. Alishona kwa wa kijani, kwa ndani, akarudishia bitana juu yake. Walioona ule uzi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa yeye.

Yule wa pili aliingia kama kawaida yake, bila kubisha. "Shangazi, chai ipo?"

"Ipo. Kaa, Mshabiki wa Kweli."

Kipa alikaa. Hata kukana hakukana; alitazama tu miguu yake mikubwa.

"Wangenitukana tu, Shangazi. Nikaona bora niwawahi. Nikijitukana mwenyewe, ya kwao hayanifiki sana."

"Na maneno ya kinyozi?"

"Nikiwa kwenye kiti chake, ananifunika taulo usoni, anasahau kama ni mimi. Halafu anayasema vizuri."

"Na wenzako? Beki, nahodha?"

"Ningejitukana peke yangu wangenishtukia."

"Nimemvunjia mtu heshima mbele za watu. Nimemchania mto. Ulikuwepo langoni, ukaona. Ukanyamaza." Aliokota pini moja sakafuni. "Na mimi niliyekaa pale miaka kumi na moja nikikutetea, mimi ni nani kwako?"

"Wewe unasema kona fupi tumezipiga vizuri," alisema kipa taratibu. "Hata siku ambazo hatukupata kona."

Shangazi alilimeza hilo kama kidonge bila maji. Kisha akampa masharti: kabla ya Jumamosi aende kwa kinyozi, akae kwenye kiti, bila taulo, aseme mwenyewe.

"Nitakwenda, Shangazi. Haki ya Mungu."

Jumatano hakwenda. Alhamisi alipita upande wa pili wa barabara, amevaa kofia ya sweta. Ijumaa alikuwa na mafua.

Jumamosi Shangazi alibeba mto ulioshonwa upya, akapanda hadi mwisho wa ngazi, akauweka juu ya gazeti.

"Sikuwa na haki. Si wewe."

"Nilikwambia mimi," alisema kinyozi, bila kuukalia. "Basi ni nani?"

"Atakuambia mwenyewe. Nimempa nafasi."

Na siku hiyo, sijui waganga wa timu pinzani walikuwa likizo, Karakana ilishinda moja bila. Kipa alizuia kwa mguu, kwa gongo, kwa kifua, mara moja kwa kidevu. Jukwaa lilipagawa. Shangazi peke yake hakupiga makofi. Filimbi ya mwisho ilipolia, alimwona kipa amechuchumaa kwenye begi lake nyuma ya wavu, glavu kwapani, vidole vikicheza kwenye simu.

Simu zikalia ngazi nzima. Kinyozi akasoma kwa sauti.

"'Leo kipa ametuokoa. Wanaoiua timu ni wenye midomo jukwaani, na wa kwanza ni yule kinyozi. Afadhali aliyemchania mto.'" Alirudia kusoma, safari hii kimya. "Mama, nimemkosea nini mtu huyu?"

Shangazi aliinuka. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kupiga kelele uwanjani, na kumbe alikuwa na sauti ya kusimamisha treni.

"Wewe Mshabiki wa Kweli! Hebu geuka tukuone!"

Jukwaani watu walitazamana. Uwanjani, wachezaji wa timu zote mbili waliendelea kupeana mikono. Mmoja tu, mwenye simu, aligeuka.

Kinyozi aliona ni kipa. Kisha akausogeza mto ukakaa nusu kwake nusu kwa Shangazi, wakaketi wote wawili, na hakuna aliyesema lolote kuhusu kona fupi.