Macho ya Bibi Kijitoni Tshopo

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye mto Tshopo, nikamwomba asimamishe pikipiki pale ambapo zamani kijito kilikuwa kinaingia mtoni. Nilitaka kumwona kereng'ende mmoja tu. Usinicheke, rafiki yangu, ngoja nikueleze.

Miaka ya hamsini, mji wetu ukiitwa Stanleyville bado, bibi yangu ndiye aliyewachagulia wanawake wa mtaa wetu mahali pa kuvua. Miezi ya jua, maji yakipungua, walikifunga kijito kwa udongo na matawi, wakachota maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wakirukaruka topeni. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo usipochagua vizuri umekwisha. Bibi alichagua kwa kereng'ende. Si wale wakubwa wanaotandaza mabawa, bali wale wembamba kama sindano, wanaoyafunga mgongoni wakitua. Wenye mabawa meusi yanayong'aa hupenda maji yanayotembea, na huko samaki wapo. Ukiona wa buluu mpauko peke yao, maji yamelala, utachota ruba na vyura.

Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hakuna aliyejua ila mimi. Nilimshika mkono, naye akaninong'oneza, "Unaona nini, mutoto?" Nikishamjibu, aliwatangazia wenzake kwa sauti ya mtu aliyejionea mwenyewe. Jioni tulikula samaki wa liboke, waliochomwa ndani ya majani, kwa lituma, ndizi zilizochemshwa zikapondwa. Nilijivuna kama mimi ndiye niliyevua.

Siku moja tulikuwa tumetembea asubuhi nzima. Kwa mbali nikasikia honi ya meli ikiingia bandarini. Watoto wote wangekuwa kule wakiitazama, na mimi niko porini, nisiachiwe mpaka mahali papatikane. Bibi akauliza. Mbele yangu walikuwa wa buluu mpauko tu, watatu, juu ya jani.

"Koko," nikamwambia bibi, "wa mabawa meusi iko. Mingi."

Wanawake wakafunga, wakachota mpaka jua likainama. Lilitoka tope, na ruba. Hata meli sikuiona. Jirani yetu akatupa beseni chini.

"Koko, hapa ulituonyesha nini?"

Mkono wa bibi ulikuwa bado begani mwangu. Akasema, "Ni mimi nilikosea. Nimezeeka."

Nadhani alijua. Msimu uliofuata hawakumwita. Alikaa mlangoni akichambua pondu, majani ya muhogo, akisikia mabeseni yao yakigongana njiani, na hakuniuliza tena ninaona nini. Alikufa sijamwambia. Aibu ile ilikuwa yangu, nikamwachia yeye aibebe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha uzeeni na bado naitembea.

Sasa kijito ni mfereji wa taka katikati ya nyumba. Wanawake wale wamekwisha wote, hata wa kumwomba msamaha hayupo. Nilisimama pale muda mrefu. Wa mabawa meusi sikumwona hata mmoja. Wa buluu mpauko mmoja alikuja, akatua juu ya chupa ya plastiki, akafunga mabawa yake.

"Koko," nikasema kwa sauti, "iko wa buluu tu. Tusifunge hapa. Twende mbele."

Mjukuu wangu akauliza naongea na nani. Nikamwambia awashe pikipiki.