Kibali cha Kukaa Kasongo

Hadi leo, nikisimama mbele ya dirisha la viza, mikono huanza kutetemeka kabla sijaulizwa kitu. Wenzangu ninaofundisha nao chuo kikuu hudhani ni baridi, nami huwaacha wadhani hivyo.

Wakati wa Wabelgiji mtu wa Kabambare hakukaa Kasongo kwa kupenda tu. Alihitaji kibali chenye muhuri, kikisema amekuja kufanya nini na ataondoka lini. Mimi, kijana niliyemaliza shule ya mapadri na kujiona nina akili nyingi, nilikuja na magunia ya karanga, mali yangu yote duniani. Kibali kilipokaribia kwisha, hata nusu ya karanga ilikuwa haijauzwa. Nikaenda kwa Bwana Mkubwa, Mbelgiji mtawala wa teritori, kuomba niongezewe muda.

Nilivaa kanzu na kofia. Nilikuwa Mkristo, lakini nilikuwa nimeona kwamba sokoni Kasongo wateja humwamini upesi mwenye kofia, nikaazima vyote kwa mama mwenye nyumba, mjane Mwislamu; vilikuwa vya marehemu mumewe. Sokoni vilinifaa. Wazungu wanaogopa nini, hilo sikujiuliza. Bwana Mkubwa alinitazama kichwani, usoni hakufika, akasema hapana.

Karani alinifuata hadi barazani. "Kaka, ile kofia ndiyo imekumaliza. Anafikiri uko mwalimu wa Kiislamu, unazunguka kuhubiri. Ondoka kabla ya Ijumaa. Ukibaki ni buloko, jela yenyewe, na fimbo juu."

"Mimi nimebatizwa!"

"Basi umwite padri aje aseme."

Padri angekuja, ila angetaka kwanza kujua kofia ilitoka wapi. Nilimwogopa padri kuliko fimbo, kwa kuwa fimbo nilikuwa sijaionja.

Kesho yake alfajiri polisi walipita mtaani wakigonga milango, wakiwatafuta wasio na vibali. Kabla sijafikiri nilikuwa tayari nimelala nyuma ya magunia, uso kwenye vumbi la karanga, nimebana pua nisipige chafya. Viatu vyao vilisimama mlangoni petu, vikaendelea. Mama mwenye nyumba alinikuta hapohapo.

"Weye mutoto wa Kabambare! Kibali chako kingali kizima, unajificha ya nini? Unafanya mazoezi?"

Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia, kisha akanipimia njia zangu. Kurudi kwetu? Chifu angenipa shamba la pamba ya lazima, ya kuwalimia Wabelgiji, siku hiyohiyo. Kujificha? "Hapa majirani wako na midomo." Kulalamika Kindu, kwa mkubwa wa Bwana Mkubwa? "Jibu litakukuta buloko." Ilibaki kuandikwa kazi na mwenyeji, maana mwenye mwajiri mjini hakufukuzwa. Kaka yake, fundi cherehani, alikuwa akitafuta mtu wa kupiga pasi.

"Sijawahi kushika pasi, mama."

"Na buloko umeshaizoea?"

Alhamisi fundi alinipeleka ofisini nikiwa na kaptura na shati. Bwana Mkubwa angenikumbuka tu, na safari hii ningeitwa mwongo pia. Akainua macho, akayatua kwenye mikono yangu.

"Mbona huyu anatetemeka?"

"Iko na homa, Bwana," fundi akajibu bila kupepesa.

"Na mikono hii itashika pasi ya moto?"

Karani alikuwa anaitazama dari kama mtu anayetafuta mjusi.

"Homa ikiisha, Bwana, mikono inatulia."

Muhuri ukapiga meza. Niliruka kama niliyechapwa.

Nje nilitaka kumwangukia fundi miguuni, lakini alitembea haraka mno. Tulipolikaribia soko, pumzi zikanirudia, na tamaa pamoja nazo. Nikamwuliza kama jioni, baada ya kazi, ningeweza kuendelea kuuza karanga zangu kidogokidogo.

"Karanga gani?" Hakugeuka hata kunitazama. "Kibali chako kinasema pasi. Wakikukamata unauza, tunaingia buloko wawili, mimi na wewe. Karanga ni za dada yangu tangu leo asubuhi, ndiyo bei ya muhuri. Haya, tembea, makaa ya pasi inaungua bure."