Hevi metali na mbwa wa Kamina

Enzi za Zaire, Kamina ilikuwa na bendi moja tu ya hevi metali, na mwimbaji wake nilikuwa mimi. Mchana nilifundisha hesabu, jioni nilinguruma. Mpiga gitaa alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa kambini. Alipata kaseti moja ya muziki ule kwa fundi wa ndege, tukaisikiliza mpaka utepe ukakatika. Mpiga ngoma alikuwa binti wa dereva wa treni, na baba yake alisema hata injini ina adabu kuliko yeye.

Siku moja alitujia mpiga picha aliyekuwa akirekodi harusi kwa kamera ya video.

"Bantu ba Kinshasa banafanya documentaire yao," alisema, yaani filamu ya maisha halisi. "Minyi nitafanya ya kwetu. Hakuna ministre, hakuna télévision. Minyi na banyinyi tu."

Tulikubali kabla hajamaliza. Shida ilikuwa mavazi. Kwenye picha ya kaseti wanamuziki walivaa ngozi nyeusi, basi tukanunua ngozi za mbuzi kwa muuza nyama, tukazianika siku mbili na kuzipaka rangi ya viatu.

Binti aliinusa ya kwake. "Hii kintu haiyakauka."

Nikamjibu kimwalimu kwamba jua la kesho litamalizia.

Jua la kesho liliziivisha. Tulipita sokoni na sura za ukatili, mpiga picha akitutangulia kinyumenyume na kamera yake. Mbwa wa kwanza alininusa goti, nami nikazidi kukunja uso. Tulipofika kwa wauza samaki, mbwa walikuwa sita, na mmoja akaung'ang'ania upindo wa ngozi ya mpiga gitaa. Mwenzetu akatoa sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuitoa hata mazoezini. Tukatimua mbio.

"Mukimbie polepole!" alipiga kelele mpiga picha. "Iko muzuri sana! Mwalimu, weye urudie kuanguka!"

Nilikuwa nimeangukia beseni la unga wa muhogo.

"Mwalimu," akauliza mwenye beseni, "unatafuta nini mu bunga yangu?"

Nikamwomba radhi, mweupe mpaka kope. Binti peke yake hakukimbia. Alivua ngozi yake, akawatupia mbwa, akakaa juu ya gunia akicheka.

Filamu, yenye nyimbo zetu na mbio zile, ilionyeshwa Jumapili mchana kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Tulitarajia watu waogope. Walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Kisha muuguzi wa zahanati akasimama, uso wake mzito, akatupongeza: hatimaye kuna watu waliofikiria kuwafundisha wananchi hatari ya kichaa cha mbwa. Akaomba kanda aizungushe vijijini.

Mpiga picha alifungua mdomo kueleza habari za sanaa. Nikamkanyaga mguu. Hakuna mwingine aliyewahi kutuomba kanda.

Muuguzi alikata nyimbo zote, akabakiza mbio. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Kabongo kusahihisha mitihani, na muuza ndizi mmoja akanikazia macho.

"Weye njo ule wa imbwa?"

"Njo minyi, mama."

"Balikudunga sindano?"

Nikamwambia sikuumwa na mbwa yeyote. Hakuniamini hata kidogo. Akaniongezea ndizi mbili, nipate nguvu ya kupona, nami nikazila palepale mbele yake, nikijisikia mtu maarufu.