Frigo ya Chanjo na Kidude cha Baa

Nakumbuka asubuhi moja kule Beni, mwanangu, nilipofungua frigo ya chanjo nikafurahi kuona barafu. Nilifurahi kweli. Kaa kidogo nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Shule niliiacha vita vilipoanza, nikajifunza kutengeneza frigo za baa mjini Butembo. Nilikuwa mtu wa kucheka na wa ndoto nyingi: niliota kwamba siku moja nitaunda frigo yangu mwenyewe, yenye jina langu mlangoni. Kituo kidogo cha afya cha upande wa Ruwenzori, pale Beni, kiliponiita niwe fundi wao, nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Kituo kilikuwa na frigo moja isiyofanana na zile nilizozizoea. Ilitumia umeme wa jua, kuta zake zilikuwa nene, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutunza chanjo kati ya digrii mbili na nane. Isizidi, isipungue. Basi termostati yake, yaani kile kidude kinachoiambia mashine sasa waka, sasa zimika, ikafa. Kingine kama hicho kilipaswa kutoka Ulaya kupitia Kampala, na barabara wakati ule ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Leo inafunguliwa, kesho imefungwa. Tungengoja miezi.

Lakini Butembo unaijua. Wafanyabiashara wetu hata vita havikuwazuia kuleta vitu. Nilipanda lori nikaenda, na katika duka la tatu nikapata termostati ya frigo ya baa. Umbo lilelile, nyaya zilezile, hata matundu ya skrubu yaliingiana. Nilirudi Beni nikaifunga kwa nusu saa, mashine ikanguruma. Nikaweka chupa ya limonade ndani, kama tulivyozoea kujaribu frigo za baa, na ilipotoka ikitokwa na jasho nikasema kazi imekwisha. Watu wa kituo wakanipigia makofi. Chanjo zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye masanduku ya barafu nikazirudisha ndani siku ileile.

Muuguzi wetu mkuu, Mama Kavira, alikuwa ameenda Kamango kuchanja watu wa huko. Alikuwa ameniachia daftari: kila asubuhi na kila jioni soma kipimo cha baridi, andika. Siku ya kwanza nilisoma tano, nikaandika tano. Siku ya pili sikusoma. Niliandika tano, kwa sababu mashine ilinguruma vizuri, na sauti ya mashine niliiamini kuliko namba. Siku ya tatu vilevile.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, siku ya chanjo. Akina mama walikwisha kujaa uani, wengi wao wenye mimba, wengi wamekimbia vijiji vyao. Mama Kavira akafika na sanduku lake la safari, nami nikamfungulia frigo kwa fahari. Barafu ilikuwa imetanda ndani, nami nikafurahi; vichupa vya chanjo ya pepopunda vilikuwa vimeganda vyote.

Hakupaza sauti. Aliuliza tu kidude nilikitoa wapi.

"Ni ya frigo ya baa, Mama, lakini ni ileile. Ona vile inapiga baridi."

"Bia ikiganda, munafanyaka nini?"

"Tunaiacha iyeyuke, batu banakunywa."

Nikamwambia na hizi zitayeyuka, tuziweke nje kidogo. Akachukua kichupa kimoja, akakifumbata mkononi mpaka kikayeyuka. Akatoa kingine katika sanduku lake, kile cha mwisho kilichobaki, ambacho hakikuwahi kuganda. Akavitikisa vyote viwili, akavisimamisha mezani, akaniambia niketi nitazame.

Kile chake kilibaki na ukungu mweupe ndani. Changu kilianza kujitenga. Vipande kama unga vikazama chini, juu yakabaki maji safi ya kawaida.

"Hii hapana dawa tena, Kambale," akasema. "Ni maji ya kuchoma batu sindano."

Sasa nakuambia jambo ambalo, zaidi ya Mama Kavira, mke wangu tu ndiye analijua. Nilimwambia Mama Kavira, kwa sauti ya chini, kwamba wale akina mama hawatajua. Wachomwe tu, waende.

Alikisogeza kichupa changu karibu nami.

"Donc, basi tuwachome maji, tuandike kwa karatasi yao kama bamekingwa. Kisha mama azalie kwa shamba, bakate kitovu na wembe wa kutu, mutoto akakamae. Nani atajua? Wewe utajua."

Kichupa kile kizuri kilitosha watu kumi. Aliwachagua wale waliokaribia kuzaa, akawachanja. Waliobaki, alisema, nikawaambie mimi mwenyewe.

Nilisimama uani nikasema nimefunga kidude kisichofaa, chanjo zimekufa, warudi baada ya wiki mbili. Wengine walinung'unika wakaondoka. Mmoja alibaki, jina lake Kahindo. Alikuwa ametembea siku mbili, mimba yake ya miezi mitano. Aliniambia baada ya wiki mbili hatakuwapo, kesho wanaondoka kwenda kwa shangazi yake Kanyabayonga. Akajifunga kitenge vizuri, akanishukuru kwa Kinande, wasingya, kwa kuwa sikumdanganya. Mwanangu, shukrani ile ilikuwa nzito kuliko tusi.

Ile termostati ya baa hatukuitupa, maana nyingine haikuwapo. Niliipunguza nguvu, nikazungushia kuta za ndani chupa za maji zitulize baridi, nikaacha nafasi katikati. Kwa wiki nzima hakikuingia kichupa hata kimoja. Nilisoma kipimo asubuhi, mchana na jioni, kwa macho yangu. Ilipokaa kati ya mbili na nane siku zote saba, ndipo nilipokwenda Butembo kuleta chanjo mpya, na kidude kile cha baa kikatufaa mpaka cha Ulaya kilipofika.

Kwa Kahindo nilituma habari na madereva wa kwenda kusini, upande wa Kanyabayonga: akifika penye kituo, aombe chanjo. Hakuna aliyeniletea jibu. Sijui kama alizaa salama. Sitajua.

Basi nasaha yangu ni hii. Usidharau kitu cha dukani. Bila vitu vya dukani tungezikwa wengi. Leo ninyi mnachukua simu ya sokoni na programu iliyotengenezewa kuuza nguo, mnaziweka zilinde dawa na damu za wagonjwa. Sawa, fanyeni. Lakini kwanza uliza aliyekiunda alikiunda kwa kazi gani, na kikikosea huko kwenye kazi yake inaharibika nini. Kwa baa inaharibika bia. Kijaribu kwa maji kabla ya kukikabidhi uhai. Usiandike namba ambayo hukuisoma. Na ukikosea, toka mwenyewe uani ukaseme.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo mwoga kidogo, mwanangu. Na wale watakaoitegemea kazi yako bila kulijua jina lako, waamke wazima.