Mkono wa Prakashan na manjano ya mama

Kabla ya kuwasha jiko, Prakashan anausogeza mkono wake wa kulia chini ya taa ya kibanda chake cha chai, hapa Alappuzha, kusini mwa India. Anaugeuzageuza kama anayekagua samaki sokoni. Anatafuta wekundu.

"Wateja hudhani nasoma bahati yangu," anasema. "Kumbe naangalia kama mwili umempa mpangaji notisi."

Mpangaji ni mkono wa marehemu asiyemjua, aliopandikizwa miaka sita iliyopita baada ya mashine ya kuchambua makumbi ya nazi kuula wa kwake. Ni mweusi kumzidi. Wateja humwambia chai ya mkono huo imekolea zaidi.

Ili mwili usiukatae, humeza dawa za kufifisha kinga. Zikaanza kumla figo. Mwaka jana madaktari wakakubali kuzipunguza kidogo kidogo, kwa sharti moja: akiona doa jekundu, aje siku hiyohiyo, wakate kipande cha ngozi wakipime.

Doa lilikuja wiki ya Onam, sikukuu ya mavuno. Aliyeliona kwanza ni mama yake, Bi Kalyani. Akafanya ambalo kila mama wa hapa angefanya: akasaga manjano mabichi, akachanganya na mafuta ya nazi, akampaka. Kesho yake akarudia. Mkono ukawa wa njano, wekundu ukajificha, na Prakashan akadhani ni joto tu, limepoa. Sikukuu ilipokwisha, vidole vilikuwa vimevimba, havishiki hata kikombe.

Dawa kali zilituliza uvimbe, ila vidole viwili havijaamka. Dozi imepandishwa tena. Figo nazo zinazidi kuchoka. Juzi kimekatwa kipande kingine cha ngozi. Majibu yakiwa mabaya, mkono utaondolewa.

Hakuna aliyemlaumu Bi Kalyani. Lakini tangu hapo mchuzi wake wa samaki ni mweupe pe.

"Mama, huu ni mchuzi au maji ya kunawia?" mwanawe humchokoza.

"Kula, mwanangu," hujibu, akitazama pembeni.

Majibu ni kesho. Akiulizwa mpango wake, Prakashan anamimina chai kwa mkono wa kushoto, kisha anasema amemwomba mama asage manjano leo.

"Nataka mchuzi wa njano, niule kwa mkono huu wa kulia mpaka vidole vishike rangi. Wakiukata, basi uende umeshiba."