Mkia wa Mashine na Baba Mkwe

Udereva naujua wote. Muulize yeyote niliyewahi kumwambia. Juzi ghala letu la mpunga hapa Ifakara lilipata mashine ya kunyanyulia magunia, yenye magurudumu makubwa ya kukanyagia tope. Mzungu wa ghala akanionya, "Hii hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Chunga mkia."

"Bwana, mimi si wa kufundishwa," nikajibu.

Siku hiyo baba wa mchumba wangu alikuja kutoka Mchombe kunikagua. Nilimtafuta uwanjani nisimwone, lakini nikakata kona ya madaha hata hivyo, kando ya choo cha matete. Mbele nikapita salama. Nyuma, mkia ukafagia ukuta mzima.

Mzee alikuwa amechuchumaa, kofia kichwani.

"Shikamoo, baba," nikasema, kwani adabu ninayo.

"Marahaba. Mshenga wako asije tena."