Hodi Tatu Kabla ya Kufungua Faili

Uvumilivu uliniisha pale yule ofisa wa hataza, hati za kulinda ubunifu, aliposema, "Bibie, hodi kila mtu anaijua," kisha akacheka. Mwanangu alikuwa mapajani anatafuna pembe ya bahasha yangu. Nilitoka naye Micheweni alfajiri mpaka Chake kumwona bwana huyu, ambaye kazi yake ni kuamua kama ulichobuni ni kipya kweli, au ni jambo la wazi ambalo fundi yeyote angelifikia. Changu alikiita cha wazi.

Nilikibuni kwa hasira. Mimba yangu ya pili ilijulikana mtaani kabla sijamwambia mume wangu, maana karani wa kituo cha afya alilifungua faili langu kwenye kompyuta, basi tu, akaenda kusimulia. Nilikuwa na kidato cha nne na kozi ya kompyuta. Nikakaa, nikaandika programu. Anayetaka faili lako apige hodi kwenye simu yako. Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama unawasikia watu ndani. Programu yangu ndivyo ilivyo: hodi ya tatu ikipita kimya, aliyeomba anafungiwa mpaka umwite mwenyewe, na mkuu wa kituo hana ufunguo wa pembeni. Daktari wa dharura tu ndiye anayeingia, na papo hapo unapata ujumbe kuwa kaingia.

"Kama ni wazi, mbona hakuna aliyefanya?" nikamuuliza. "Hizi karatasi mbili za wabunifu wa zamani umenipa wewe, bwana, kunionesha kuwa changu ni cha wazi. Ya kwanza, mwenye faili asipojibu, ombi linapanda kwa mkuu. Ya pili, asipojibu, muda ukipita faili linafunguka lenyewe. Wote wamekiona kimya wakakifanya ruhusa. Nani hapo alikuwa njiani kulifikia wazo langu?"

"Lakini ukiziunganisha na desturi ya hodi..."

"Umeziunganisha baada ya kusoma yangu! Mtu keshapewa majibu ya mtihani, atafeli vipi?"

Akaacha kucheka. Akaivuta ile karatasi ya pili, akaisoma upya, polepole.

"Hili la kimya sikuliangalia hivyo," akasema. "Ila uamuzi nishauandika."

"Basi na miye naandika."

Mama wa masjala, chumba cha pili, alinipa karatasi na kalamu, akampokea mtoto. "Andika, mwanangu. Usitukane tu."

Nikaufuta mstari wa kwanza. Iliyobaki akaigonga muhuri mbele yangu:

"Nalalamikia kukataliwa kwa programu yangu. Ofisa alipima kila kipande peke yake, tena akiwa anajua jibu. Naomba mpimaji mwingine. Kwanza asome zile karatasi mbili za zamani, aulizwe: mwenye faili akinyamaza, wewe fundi ungefanya nini? Aandike jibu lake, atie saini. Ndipo aoneshwe yangu. Nitafika siku yoyote nitakayoitwa, na mtoto nitakuja naye."